Alikwenda kwa tatizo la macho, kumbe sukari: uchambuzi wa kisa cha Mbagala

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vituo vya tiba vya Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika ndani yake. Tumekiweka Mbagala kwa sababu mkazi wa huko amezungukwa na milango mingi ya tiba: maduka ya miwani, maduka ya dawa, maabara binafsi, zahanati, kituo cha afya, na daladala za kumfikisha hospitali kubwa za mjini. Mama tunayemzungumzia aligonga mitatu kati ya hiyo kabla ya kufika ulikokuwa msaada wake, na njiani zikapotea wiki 7.

Ana miaka 52, ni mkaanga maandazi na vitumbua. Huamka saa tisa usiku, huuza tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne asubuhi, ndipo anapata nafasi ya mambo yake. Hana bima, hulipa taslimu. Mama yake mzazi alifariki akiwa na kisukari, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza mpaka mlango wa nne.

Duka la miwani

Dalili ya kwanza ilikuwa vibao vya daladala. Alishindwa kusoma gari linaelekea wapi mpaka lisimame mbele yake. Wakati huohuo meseji za simu, ambazo kwa miaka kadhaa alizisoma kwa miwani ya kusomea, akaanza kuzisoma bila miwani. Akaona jicho la karibu limepona na la mbali ndilo lenye shida. Wiki ya 2 akaenda duka la miwani, akapimwa, akaandikiwa miwani ya kuona mbali, nguvu -1.50 macho yote mawili, akalipa.

Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Siku ile macho yake yalikuwa -1.50 kweli. Sukari ikipanda katika damu hupanda pia kwenye majimaji ya ndani ya jicho, lenzi ikavuta maji na kubadilika, na mara nyingi mtu huanza kuona karibu vizuri kuliko zamani na mbali vibaya kuliko zamani. Sukari ikishushwa, lenzi hurudi taratibu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo alinunua miwani ya jicho la muda. Sukari itakapotulia, miwani hiyo itampa maumivu ya kichwa, naye atadhani ni dawa ndizo zinazomdhuru.

Lililokosekana ni maswali. Mtu aliyepita miaka 40 ambaye uwezo wake wa kuona umebadilika ndani ya wiki chache aulizwe mambo matatu kabla ya kuuziwa fremu: tatizo limeanza lini, ana kiu au mkojo mwingi, na katika ukoo kuna mwenye sukari? Wapima macho wazuri huyauliza na humtuma mteja akapime sukari kwanza. Ukienda mahali wasipouliza, yaseme mwenyewe. Kupata nafuu ya kusoma karibu ghafla ukiwa na miaka 50 na kitu si jambo la kushangilia. Ni la kupeleka kwa daktari.

Duka la dawa

Wiki ya 4 alikuwa akiamka mara nne usiku kwenda chooni, anawashwa sehemu za siri, mchana hamalizi saa bila maji. Akaenda duka la dawa muhimu la jirani.

"Mwanangu, mkojo unanisumbua."

"Shikamoo mama. Hiyo ni UTI, inasumbua kina mama wengi. Nikupe dozi ya siku tano?"

Mazungumzo haya yanatokea kila siku katika nchi hii, na muuzaji husema kwa nia njema. Lakini aliyesema "mkojo unanisumbua" hajaeleza bado unamsumbuaje, na jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha magonjwa mawili. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa kawaida humfanya mtu akimbilie chooni mara kwa mara na kutoa kidogo, akisikia kuungua au maumivu chini ya kitovu. Sukari iliyopanda humfanya atoe mkojo mwingi kila anapokwenda, bila kuungua, na kiu inayofuata haikatiki kwa glasi moja. Muwasho nao una maelezo yake: fangasi hustawi mahali penye sukari, kwa hiyo mwanamke anayerudiwa na fangasi mara kwa mara apimwe sukari hata kama hana dalili nyingine.

Dozi haikusaidia, maana hapakuwa na maambukizi ya njia ya mkojo ya kutibu. Akatumia pesa, akajenga imani kwamba ameshatibiwa, na bakteria wa mwilini mwake wakapewa nafasi ya kuizoea dawa ambayo siku nyingine ataihitaji kweli. Kijiti cha kupima mkojo kwenye zahanati kingeonyesha sukari ndani ya dakika mbili. Duka la dawa lina kazi kubwa mtaani, lakini mtu mwenye dalili mpya iliyodumu zaidi ya siku chache aende mahali penye maabara kwanza, hata kama ni maabara ndogo.

Hospitali kubwa bila barua

Wiki ya 6 kijana wake aliamua kumpeleka mama "kwa madaktari wenyewe". Walipanda gari saa mbili, wakafika mapokezi ya hospitali kubwa ya rufaa saa tatu na nusu. Wakaulizwa barua ya rufaa. Hawakuwa nayo. Wakaulizwa kama walipanga miadi na kliniki ya macho. Hawakupanga. Wakaelezwa kuwa wanaweza kulipia kliniki ya malipo ya haraka, kiasi ambacho hawakuwa nacho mfukoni, au warudi wakaanzie chini. Walirudi Mbagala saa saba mchana, siku ya biashara imekwenda, na kijana akiwa na hasira akasema hospitali za serikali hazitaki maskini.

Hasira yake inaeleweka. Mpango wenyewe, hata hivyo, una sababu. Huduma za serikali Tanzania Bara zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, kisha ya taifa. Dar es Salaam hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Juu yake iko Muhimbili, yenye Upanga na Mloganzila, na taasisi zinazoshughulika na aina moja ya tatizo: Ocean Road kwa saratani, MOI kwa mifupa na mishipa ya fahamu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa moyo. Daktari bingwa wa macho katika ngazi ya juu amewekwa pale kwa ajili ya mtu ambaye tayari imejulikana ana nini, au ambaye wa chini wameshindwa kumjua. Mama huyu hakuwa hata mmoja wa hao. Laiti angepokelewa siku ile kliniki ya macho, huenda angekaguliwa macho tu, akarudi nyumbani na sukari yake.

Ninaloona halikutendeka sawa ni jinsi alivyorudishwa. Mapokezi wangeweza kutamka sentensi moja zaidi: "Mama, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, waambie wakupime sukari na presha, wakuandikie barua." Badala yake aliambiwa "anzia chini", na hajui chini ni wapi. Ukikutana na jibu la namna hiyo usiondoke dirishani. Uliza: niende kituo gani, niombe kipimo gani, barua iandikwe kwenda kliniki ipi, na kliniki hiyo inapokea wagonjwa wapya siku zipi? Chukua majibu kwa maandishi, hata nyuma ya risiti.

Kwa wenye bima ya taifa ya afya, NHIF, ngazi hizi zina uzito zaidi, kwa sababu isipokuwa kwa dharura, kumwona bingwa wa ngazi ya juu bila rufaa kunaweza kukufanya ulipe mwenyewe. Msomaji wa Kenya naye ana ngazi zake, 1 hadi 6, ambapo zahanati ni ya 2, kituo cha afya ni cha 3 na hospitali za rufaa za taifa ni za 6. Huko bima ya umma imekuwa chini ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) tangu Oktoba 2024, kwa hiyo anayekumbuka taratibu za NHIF ya Kenya aulize upya kabla ya kutoka nyumbani.

Kituo cha afya

Wiki ya 7, kwa ushauri wa jirani mwenye presha, alifika kituo cha afya saa moja asubuhi. Siku hiyo binti yake alishika karai.

Mpangilio wa kituo cha serikali ukiujua haukuchoshi sana. Unaanzia mapokezi kufungua faili, ambapo namba ya faili ndiyo utakayoitumia maisha yako yote pale, kwa hiyo ipige picha. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kwa wakala, unaonyesha ujumbe wa malipo. Unapita kwa muuguzi wa vipimo vya awali: uzito, joto, presha. Unamwona tabibu au daktari. Akitaka maabara, unarudi kulipia, unatoa sampuli, unasubiri majibu, kisha unarudi kwa daktari yuleyule. Hatua hii ya kurudi ndiyo inayowaangusha wengi. Saa za kawaida za kazi ni saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Aliyefika saa tano, majibu yake yanatoka karibu na kufunga, daktari aliyemwona ameondoka, na anaambiwa aje kesho. Aliyefika saa moja anamaliza yote siku moja.

Hapa tabibu aliuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla: "Mama, ukiacha macho, mwili mzima unajisikiaje?" Akataja mkojo, kiu, uchovu, kupungua uzito mpaka kanga inamzunguka mara mbili, na habari ya marehemu mama yake. Akapimwa: sukari bila kufunga 18.6, presha 152/94, mkojo una sukari nyingi na hauna ketoni.

Mtu mwenye dalili ambaye sukari yake ya wakati wowote imefika 11.1 au zaidi, kwa kipimo cha mmol/L, ana kisukari. Kwa aliyefunga usiku kucha, mpaka ni 7.0. Kwa kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, ni asilimia 6.5. Asiye na dalili hupimwa mara ya pili siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Baadhi ya mashine husoma kwa mg/dL. Ukiona namba kama 335 usishtuke, igawe kwa 18 utapata 18.6 hiyohiyo. Ketoni, kemikali ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta badala ya sukari, zilitafutwa kwa sababu zingekuwepo angetakiwa kulazwa siku ileile. Presha ya siku moja haitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa wa presha, kwa hiyo alipangiwa kupimwa tena.

Alianzishwa metformin 500 mg mara mbili kwa siku, katikati au mwisho wa chakula ili isimchafue tumbo, akaombwa kipimo cha kreatinini kuangalia figo, akapangiwa kliniki ya sukari.

Barua

Mwenye kisukari cha ukubwani hukaguliwa macho mara tu ugonjwa unapogundulika, bila kungoja apate shida, kwa sababu sukari huenda imekuwepo miaka kabla ya dalili. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi daktari akiona uharibifu. Kwa hiyo safari hii rufaa ya macho ilikuwa na sababu, tena sababu inayoandikika.

Barua aliyopewa kwanza ilikuwa hivi, tukiitoa kwenye Kiingereza cha kawaida cha barua hizo: "Mgonjwa ana tatizo la macho. Tafadhali mpokeeni kwa matibabu zaidi." Jina, tarehe, muhuri. Aliipeleka hospitali ya rufaa ya mkoa, akapangiwa tarehe ya mbali kwa sababu aliyepanga foleni hakuwa na chochote cha kumtofautisha na mtu anayetaka miwani ya kusomea.

Alirudi kituoni, na kwa bahati tabibu alikuwa yuleyule. Barua ya pili ilisema: "Mama wa miaka 52, kisukari kilichogundulika wiki iliyopita. Sukari bila kufunga 18.6, hakuna ketoni, presha 152/94. Kuona mbali kumefifia kwa wiki 7, hakuna maumivu wala wekundu, hakuna kupotea kuona ghafla. Kuona bila miwani 6/24 kila jicho, kwa kadi ya tundu dogo 6/9. Anatumia metformin 500 mg mara mbili. Miwani ya -1.50 ilinunuliwa sukari ikiwa juu. Tunaomba mboni zipanuliwe na retina ikaguliwe."

Angalia kile kipengele cha kadi ya tundu dogo, kilichomtoa 6/24 hadi 6/9 (namba ya pili ikiwa ndogo, kuona ni bora). Ukimpa mtu kadi yenye tundu la ukubwa wa kichwa cha pini achungulie, na akasoma mistari zaidi, shida kubwa iko kwenye kupinda kwa mwanga na retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kwa kiasi kikubwa inafanya kazi. Asipopata nafuu, daktari wa macho ataanza kuwa na wasiwasi na mtoto wa jicho, retina au mshipa wa jicho. Kipimo hicho hakihitaji umeme, kinachukua dakika moja, na kinampa mpokeaji picha kabla mgonjwa hajakaa kitini.

Mgonjwa hawezi kumwandikia tabibu barua, lakini anaweza kuisoma au kuomba asomewe kabla ya muhuri. Iwe na umri, tatizo kuu na limeanza lini, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa anazotumia na dozi, mzio kama upo, na swali mahususi kwa anayepokea. Hilo la mwisho ndilo hukosekana mara nyingi zaidi. "Kwa matibabu zaidi" si swali. Piga picha barua kabla ya kuikabidhi, kwa sababu dirishani inaweza kubakizwa.

Kupanga miadi yenyewe

Kabla ya kwenda, piga simu au pita ukaulize siku moja kabla. Kliniki za magonjwa sugu zina siku zake za wiki, na vituo viwili vya jirani huweza kutofautiana. Ukipokelewa, sema kwa ufupi: "Habari za kazi. Ni mgonjwa mpya wa kisukari, nina barua kutoka kituo cha afya, naomba kliniki ya macho. Wapya wanapokelewa siku gani, namba zinatolewa saa ngapi, nije na nini, na nije na mtu wa kunisindikiza?" Swali la msindikizaji kwa kliniki ya macho ni la lazima. Matone ya kupanua mboni humfanya mtu aone ukungu na kuumizwa na mwanga kwa saa kadhaa, mara nyingi nne hadi sita. Haendeshi chombo siku hiyo. Kwa mama huyu ilimaanisha pia hakai mbele ya karai la mafuta ya moto siku ile, na hilo aliambiwa waziwazi.

Namba ya simu ya kituo ikikosekana, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure na inaweza kukuelekeza.

Tarehe ikitolewa, iandikwe kwenye daftari lako la kliniki, siyo kwenye kijikaratasi. Kabla hujaikubali, ilinganishe na dawa. Ukiwa na vidonge vya siku 30 na tarehe ni ya siku ya 35, siku tano zitakuwa bila dawa. Mwambie muuguzi papo hapo, akusogezee tarehe au daktari akuongezee vidonge.

Kwa asiye na bima, suala la pesa liulizwe kabla ya foleni. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo katika sera ya msamaha kwenye vituo vya serikali. Mama wa miaka 52 hayumo kwa umri, lakini aliyeshindwa kabisa kulipa anaweza kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi hiyo ipo na ina kazi hiyo, ila mgonjwa aende akiwa na barua ya serikali ya mtaa kuhusu hali yake, vinginevyo atarudishwa kuifuata.

Chai ya saa kumi na moja

Siku ya kliniki ya kwanza aliambiwa aje amefunga. Alifika saa mbili, akaulizwa "Umekula?", akajibu "Hapana". Sukari ikasoma 13.9, ikaandikwa kama ya kufunga, na dozi ikakaribia kuongezwa. Muuguzi mmoja mzoefu akamuuliza tofauti: "Tangu ulale jana, kuna nini kimepita mdomoni zaidi ya maji?" Chai ya maziwa yenye sukari saa kumi na moja, na kitumbua kimoja cha kuonja kama kimeiva. Kwake yeye hiyo haikuwa kula, ilikuwa kazi. Hakudanganya hata neno moja.

Kufunga kwa kipimo hiki ni angalau saa 8 bila chochote isipokuwa maji. Mtu anayeamka saa tisa usiku na kufanya kazi ya kuonja hawezi kulinganishwa na anayeamka saa kumi na mbili. Akitaka kupimwa saa mbili asubuhi inabidi siku hiyo mtu mwingine aonje, au atumie HbA1c, ambayo haihitaji kufunga. HbA1c nayo hupotosha kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, kwa sababu inategemea maisha ya chembe nyekundu za damu. Aliye na hali hiyo amtajie daktari mapema.

Kliniki ya macho, kwa barua ile ya pili, ilimwona ndani ya wiki mbili. Retina haikuwa na uharibifu. Akaambiwa aweke miwani pembeni na asinunue nyingine mpaka sukari itulie kwa wiki kadhaa, ndipo apimwe upya.

Dalili zisizongoja miadi

Yote hapo juu ni ya mtu anayeweza kungoja. Kuna dalili ambazo huna haja ya kutafuta barua wala tarehe. Unakwenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, saa yoyote: kuona kupotea ghafla, kama pazia limeshuka au nzi wengi weusi wamejaa mbele ya jicho. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kichefuchefu. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutoeleweka. Kifua kubana hasa maumivu yakienda mkononi au shingoni. Na kwa mwenye sukari, kutapika mfululizo, kupumua haraka kwa kina, au kuchanganyikiwa. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha kama glibenklamaidi, akitetemeka na kutoka jasho ghafla, kama bado anameza apewe kinywaji chenye sukari palepale, apimwe baada ya dakika 15, kisha apelekwe ikiwa hajarudi sawa. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa.

Namba 115 ya m-mama ni kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Watu huipiga kwa kila dharura na kupoteza dakika. Kwa mgonjwa mwingine, tafuta usafiri na piga simu hospitalini ukiwa njiani wajue unakuja.

Miadi iliyopita

Mwezi wa tatu wa matibabu alikosa kliniki kwa sababu ya msiba Kilwa. Wengi wakikosa hujiambia watakwenda mwezi ujao, na dawa inapokatika huanza kugawa vidonge, kimoja kwa siku badala ya viwili, ili vifike. Metformin iliyogawanywa hivyo haishushi sukari kama ilivyopangwa, na kliniki inayofuata daktari ataona namba mbaya na kuongeza dozi kwa tatizo ambalo siyo la dozi. Aliyekosa arudi wiki hiyohiyo siku ya kawaida, hata kama si siku ya kliniki, na aseme dirishani: "Nilikosa miadi ya tarehe fulani, sijaja kuonana na bingwa, naomba dawa za kunifikisha kliniki ijayo na tarehe mpya." Vituo vingi hupokea ombi hilo likiwa limeelezwa hivyo. Aende na daftari, na pakiti tupu za dawa, ili anayetoa aone jina na nguvu ya dawa bila kubahatisha. Na kabla ya kusafiri kwenda msibani, harusini au kijijini, vidonge vihesabiwe kwanza: siku za safari, ongeza wiki moja.